Namna ya kuandika historia ya Wakuu wa Chuo Kikuu chako bila kumpoteza hata mmoja

Mkuu wa Chuo Kikuu haendeshi chuo. Hapangi ratiba, haajiri wahadhiri, hasaini hundi. Hayo ni ya Makamu Mkuu wa Chuo na manaibu wake, na Baraza la Chuo liko juu yao. Yeye anaonekana hasa siku ya mahafali, amevaa joho lenye nakshi, siwa, ile fimbo ya heshima ya chuo, imetangulia mbele yake, na ni kwa kinywa chake mhitimu anatunukiwa shahada. Kwa kuwa haonekani ofisini kila siku, historia yake ndiyo inayowahi kupotea. Majalada ya Makamu Mkuu hujaza makabati. Ya Mkuu wa Chuo mara nyingi ni jalada moja jembamba, nusu yake barua za kupanga tarehe ya mahafali.

Nilifanya kazi masijala katika chuo kimoja hapa Iringa mpaka nilipostaafu, na siku hizi vijana wa ofisi za uhusiano, wa hapa mjini, wa Mbeya, wakati mwingine wa Njombe, hunijia nyumbani kwangu Mtwivila mahafali yanapokaribia. Wameagizwa waandike ukurasa wa Wakuu wa Chuo kwenye kijitabu cha mahafali, au kitabu kizima kwa ajili ya maadhimisho ya miaka kadhaa ya chuo. Wengi huja na picha na orodha ya majina, wakidhani kazi imebaki kupanga tu. Ninawakaribisha chai, kisha ninawaambia waweke picha pembeni kwanza.

Anza na sheria

Kabla hujajua nani alikuwa Mkuu wa Chuo, jua nani alikuwa na mamlaka ya kumweka. Kwa vyuo vya umma leo, Rais wa Jamhuri ya Muungano ndiye anayemteua. Kwa vyuo vya madhehebu, mwenye chuo, yaani dayosisi, jimbo au baraza la maaskofu, ndiye mwenye sauti. Utaratibu wenyewe, pamoja na urefu wa muhula, umo ndani ya Hati Idhini ya chuo, na Hati Idhini hizo zinatolewa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Omba kuiona Hati Idhini ya chuo chako, uisome kifungu cha Mkuu wa Chuo mwanzo hadi mwisho, na ukinakili kama kilivyo. Nimeona watumishi waliokaa chuoni miaka mingi bila kuifungua hata siku moja.

Sheria hubadilika, na hapo ndipo habari nzuri inapokaa. Chukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kwa historia ni mzazi wa vyuo vingi vya umma. Kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ndani ya jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na Mkuu wa chuo hicho cha nchi tatu akawa Mwalimu Julius Nyerere. Tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe kwa Sheria Na. 12 ya mwaka huo, na Rais wa Jamhuri akawa ndiye Mkuu wa Chuo. Kwa hiyo Mwalimu aliendelea, na alipong'atuka mwaka 1985 kiti kikamfuata Rais Ali Hassan Mwinyi.

Baadaye, katika miaka ya 1990, kiti kikatoka Ikulu. Akapewa Paul Bomani, mtu wa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Waziri wa Fedha wa kwanza Mwafrika katika nchi hii na baadaye balozi wetu Marekani. Alikuwa Mkuu wa Chuo mpaka alipofariki mwaka 2005. Akafuata Balozi Fulgence Kazaura, naye akafariki akiwa kwenye nafasi hiyo, Februari 2014. Januari 2016 akateuliwa Rais Mstaafu Jakaya Kikwete, ambaye mwenyewe alihitimu uchumi chuoni hapo hapo, Mlimani kama tunavyokiita, mwaka 1975.

Angalia orodha hiyo ilivyo. Ukiweka majina matano na picha tano, msomaji ataona wazee watano waliovaa majoho. Ukiweka sheria kando ya majina, ataona kitu kikubwa: Wakuu wa mwanzo walikuwa marais walio madarakani, kisha ukaja wakati ambapo nchi iliamua kwamba anayetunuku shahada asiwe yule yule anayeamuru polisi. Mimi naona mabadiliko hayo ni muhimu kuliko wasifu wa mtu yeyote mmoja.

Hakikisha unamzungumzia mtu wa kazi ile

Hapa ndipo vyuo vya huku kwetu vinapochanganya zaidi, kwa sababu vingi havikuzaliwa vyuo vikuu.

Chukua Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), pale Iyunga. Kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, mwaka 2005 kikawa taasisi, mwaka 2012 kikawa chuo kikuu. Katika chuo cha ufundi, anayeitwa mkuu wa chuo ni yule anayeshinda ofisini, anayesaini ruhusa za watumishi na kusimamia karakana. Huyo si mtangulizi wa Profesa Mark Mwandosya, ambaye aliwahi kuwa Mkuu wa Chuo cha MUST kwa maana ya chuo kikuu. Mrithi wa yule wa ufundi ni Makamu Mkuu wa Chuo. Ukiwapanga kwenye safu moja umewakosea wote wawili: wa kwanza umemnyang'anya kazi ya kila siku aliyoifanya kwa jasho, wa pili umempa watangulizi wasio wake. Fanya safu mbili. Ya viongozi watendaji ianze 1986, ya Wakuu wa Chuo ianze pale chuo kilipopata hadhi ya chuo kikuu.

Mtego wa pili ni vyuo vishiriki. Chuo Kikuu cha Iringa kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, pamoja na Makumira na KCMC, hadi kilipojitegemea mwaka 2013. Wahitimu wa Iringa wa miaka ile walitunukiwa shahada za Tumaini, na Mkuu wa Chuo wao alikuwa wa Tumaini. Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha nacho kilianza kikiwa chuo kishiriki cha Mtakatifu Agustino, ambacho makao yake ni Mwanza. Katika vyuo kama hivi historia yako ina vipande viwili, na kipande cha kwanza kinapaswa kuandikwa kwa heshima ya chuo mama. Usikiruke eti kwa sababu ofisi yake haikuwa Iringa.

Kuna vile ambavyo mpaka leo ni vishiriki. Chuo Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 kwenye majengo ya iliyokuwa shule ya sekondari Mkwawa, ni mtoto wa Mlimani. Kinaongozwa na Rasi. Mkuu wa Chuo wake ni yule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndaki ya Mzumbe iliyoko Mbeya nayo vivyo hivyo, Mkuu wake ni wa Mzumbe, ambako Jaji Mkuu mstaafu Barnabas Samatta alishika nafasi hiyo. Ukiwa mtumishi wa Mkwawa na umeagizwa uandike Wakuu wa Chuo, andika wa Mlimani kuanzia 2005, si kuanzia 1961. Rasi nao wapewe ukurasa wao.

Kila mtu ana tarehe nne

Tarehe ya kuteuliwa, tarehe uteuzi ulipotangazwa, tarehe ya kusimikwa, na mahafali yake ya kwanza. Mara nyingi zinatofautiana kwa miezi. Taarifa za Ikulu kwa kawaida husema uteuzi umeanza lini, na wakati mwingine ni siku kadhaa nyuma ya siku ya tangazo. Kusimikwa hungoja mpaka sherehe iandaliwe, na kwa vyuo vingi hiyo ina maana ya kungoja mahafali. Kijana akisoma gazeti la Novemba lililoandika habari za Mkuu mpya, ataandika Novemba, kumbe mtu aliteuliwa tangu mapema.

Chora jedwali lenye safu hizo nne, na ya tano ya siku alipomaliza: kwa kuisha muhula, kujiuzulu, au kufariki. Kisanduku usichokipata kiache wazi kwenye rasimu mpaka upate karatasi. Usijaze kwa kukisia, maana mwaka uliokisiwa ukishachapwa kwenye kijitabu cha mahafali unanakiliwa mwaka unaofuata, na unaofuata, hadi unakuwa ukweli wa chuo.

Pengo nalo liandikwe. Kati ya Februari 2014 na Januari 2016 pale Mlimani kiti hakikuwa na mwenyewe aliyeteuliwa, na mahafali yaliendelea, wahitimu wakapata shahada zao. Chuo chako kikiwa na kipindi kama hicho, tafuta kwenye Hati Idhini nani anakaimu, kisha tafuta kwenye kijitabu cha mahafali cha mwaka ule nani alitunuku. Mtu huyo anastahili mstari wake.

Karatasi ziko wapi

Anzia masijala. Usiombe "historia ya chuo", utapewa kipeperushi. Omba jalada la uteuzi wa Mkuu wa Chuo, jalada la mahafali la kila mwaka, na mihtasari ya vikao vya Baraza. Jalada la mahafali ndilo hazina: humo mna orodha ya wageni, mpangilio wa maandamano ya kitaaluma, hotuba, na mara nyingi stakabadhi ya fundi aliyeshona joho. Stakabadhi ya joho huwa na tarehe isiyodanganya, kwa sababu fundi hashoni joho la mtu ambaye hajateuliwa. Barua zikiwa zimechomolewa, angalia rejista ya barua zinazoingia. Barua huweza kuibwa au kuliwa na mchwa, lakini mstari wake kwenye rejista hubaki.

Ukikuta majalada yamehifadhiwa kwenye ghala, yashughulikie taratibu. Kwa upande wa Rungwe na Mbeya mvua ni nyingi, na karatasi zilizoshika unyevu hugandana. Usizibandue kwa nguvu wala kuzianika juani. Zitandaze ndani ya chumba chenye hewa, pachika karatasi kavu katikati, na uwe na subira. Huku Iringa adui ni vumbi la kiangazi, upepo wa Agosti na Septemba unaliingiza hadi kwenye droo. Brashi laini inatosha.

Nje ya chuo kuna magazeti. Kwa miaka ya 1960 hadi 1970 tafuta Uhuru, The Nationalist na The Standard. Daily News lilianza mwaka 1972. Mwananchi na HabariLeo ni ya karne hii. Maktaba ya Mlimani ina kitengo cha Afrika Mashariki kinachohifadhi magazeti ya zamani, na ukienda Dar es Salaam kwa kazi nyingine, tenga siku mbili kwa ajili yake. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa nayo iko huko. Kwa uteuzi uliopita kwenye Gazeti la Serikali, nakili namba ya tangazo pamoja na tarehe.

Kwa chuo cha dayosisi au jimbo, ofisi ya askofu ina kumbukumbu zake, na mara nyingi zimepangwa vizuri kuliko za chuo. Andika barua rasmi, usitume ujumbe wa simu.

Wazee wa chuo

Dereva mstaafu aliyewahi kumpokea Mkuu wa Chuo uwanja wa ndege wa Nduli anajua mambo ambayo Baraza haliyajui. Vilevile mpishi, katibu muhtasi, mlinzi wa geti, na mwalimu wa kwaya iliyoimba siku ya kusimikwa. Wafuate hawa kabla ya maprofesa.

Usiende mikono mitupu, na usiende na maswali yaliyochapwa. Mpigie simu kwanza umwombe siku. Ukifika, shikamoo, kwa Mhehe ongeza "kamwene", kwa Mnyakyusa "ugonile", na utaona uso unavyofunguka. Ulizia wajukuu, ulizia shamba. Kisha mpe picha ya zamani ya mahafali na unyamaze. Mzee atakutajia watu mmoja mmoja, na atasahihisha majina uliyoyaandika nyuma ya picha. Mwombe ruhusa kabla ya kumrekodi. Alichokuambia kwa siri kibaki siri, hata kama kingepamba kitabu chako.

Kumbukumbu ya mzee ni nzuri kwa mambo yaliyotokea, dhaifu kwa miaka. Akikuambia "ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa", usimkatize. Andika hivyo, ukatafute mwaka kwenye majalada.

Andika alichofanya, hata kilicho kigumu

Hapa ndipo ninapogombana na wakubwa wengi, na sitaacha. Ukurasa wa Mkuu wa Chuo huandikwa kwa sifa tupu: mahiri, mpenda elimu, mzalendo. Sifa hizo zinamfaa kila mtu, kwa hiyo hazimwelezi yeyote. Mfano:

*"Mwalimu Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo mahiri aliyeipenda elimu kwa moyo wake wote."*

Kweli, lakini msomaji hajapata kitu. Sasa jaribu hivi:

*"Mwalimu Julius K. Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuanzia 1963, na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1970 hadi 1985. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwafukuza karibu wanafunzi 400 na kuwarudisha makwao, na siku hiyo hiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata."*

Maneno ya sifa hakuna, na mtu mzima amesimama mbele yako: mkali, mwenye kujihukumu yeye kwanza, mwenye kusamehe. Ndani ya aya hiyo kuna jambo la kufikirisha pia. Alitoa amri akiwa Rais, lakini aliyefukuzwa alikuwa amefukuzwa na yule yule ambaye angemtunuku shahada. Chuo cha Dar es Salaam kilipofungwa mwaka 1990 baada ya migomo, Mkuu wa Chuo alikuwa tena Rais wa nchi. Ndiyo maana nilisema uweke sheria kando ya majina.

Na yako mazuri ambayo watu hawayaoni mpaka waelezwe. Tarehe 30 Novemba 2022, pale Mlimani, Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa shahada ya udaktari wa heshima. Aliyemtunuku ni Mkuu wa Chuo, Jakaya Kikwete. Rais ndiye mwenye mamlaka ya kumteua Mkuu wa Chuo, lakini ndani ya ukumbi wa mahafali Mkuu wa Chuo ndiye anayetunuku, hata kwa Rais. Ukiandika tu "alihudhuria mahafali" umepoteza yote hayo.

Basi kwa kila Mkuu wa Chuo tafuta mambo matatu au manne ya namna hiyo: hotuba iliyobadilisha jambo, mgogoro na namna ulivyoisha, jengo lililopata mfadhili kwa sababu yeye alikwenda kuomba, kundi la kwanza la wahitimu aliowatunuku. Kama ni mtu wa huku kwetu, taja kwao. Profesa Mwandosya ni mhandisi wa umeme aliyefundisha Mlimani na aliyekuwa mbunge wa Rungwe Mashariki. Kijana wa Busokelo anayesoma uhandisi Iyunga anahitaji kulijua hilo.

Chunga vyeo. Mtu aitwe kwa cheo alichokuwa nacho wakati ule. Kikwete wa mwaka 1975 ni mhitimu, si Rais Mstaafu. "Dkt." ya heshima isitangulie tarehe ya kutunukiwa. Waliotangulia mbele ya haki waandikwe "Hayati" pale wanapotajwa mara ya kwanza, kisha uendelee na jina; kulirudia kila mstari kunachosha. Ukitaja "Jaji Mkuu Mstaafu" au "Baba Askofu", hakikisha alikuwa amestaafu au amewekwa wakfu tayari.

Picha sasa

Unaweza kuzirudia. Katika maandamano ya kitaaluma wakubwa huingia mwisho, na siwa hubebwa mbele ya Mkuu wa Chuo. Kwa hiyo ukiona picha ya kuingia ukumbini, mfuate mbeba siwa, aliye nyuma yake ndiye. Jukwaani, tazama kiti cha katikati. Usiamini joho peke yake, kwa kuwa la Makamu Mkuu nalo lina nakshi, na Mwenyekiti wa Baraza ana lake. Ukishamtambua mtu, andika kwa penseli laini nyuma ya picha: majina kutoka kushoto, mahali, tarehe, na jina la aliyekutambulishia.

Rasimu ikikamilika, mpelekee kila Mkuu wa Chuo aliye hai sehemu yake aisome, na familia za marehemu vilevile. Watasahihisha majina ya wazazi, vijiji na miaka ya shule, yapokee hayo. Wakiomba ufute jambo lenye ushahidi wa maandishi, wasikilize kwa adabu, waoneshe karatasi, kisha uamuzi umwachie Makamu Mkuu wa Chuo kwa dokezo, na nakala ya dokezo iingie jaladani.

Chapa nakala za ziada. Moja iende maktaba ya chuo, moja masijala, moja ofisi ya mwenye chuo kama ni cha dayosisi, moja kwa kila mzee aliyekusimulia. Mwisho wa jedwali andika tarehe uliyohakiki mara ya mwisho na cheo chako, ili Mkuu mwingine akisimikwa, anayekufuata ajue aanzie wapi.